Stempu Zenye Majina ya Kampuni

Stempu kuukuu ya Uingereza iliyopigwa chapa jina la kampuni usoni msiitupe mkidhani imeharibika. Tangu 1853 stakabadhi ya pauni 2 au zaidi ilipasa kubandikwa stempu ya peni moja, na tangu 1881 stempu ile ile ilifaa kwa barua na kwa ushuru pia. Basi karani mwenye mkono mrefu (hatusemi wote) aliweza kuzitumia kwa barua zake. Matajiri wakazipiga chapa jina lao ili wizi ujulikane. Ushuru huo uliondolewa 1971. Mkiipata ingali juu ya stakabadhi, msiibandue kwa maji: sahihi iliyoandikwa juu yake, tarehe na bidhaa iliyouzwa vitapotea.