Plastiki Ipitishayo Umeme Nayo Ifike Kagunga

Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikazuka, ndani ya majuma machache viliripotiwa vifo 31 na wagonjwa wapatao 3,000. Njia ya kuwaokoa ilikuwa ziwa, na meli ya MV Liemba ikawabeba hadi Kigoma.

Kipindupindu huua kwa kuupora mwili maji na chumvi. Tiba yake haingoji maabara: maji ya chumvichumvi kwanza, na dripu kwa aliyezidiwa. Lakini mgonjwa aliyekatika mkojo, au mtoto aliyelegea misuli, huhitaji kupimwa potasiamu katika damu. Na kipimo hicho kwa kawaida kiko hospitalini, mwisho wa safari ya boti.

Ndiyo maana naona polima zipitishazo umeme zinatuhusu. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba aina moja ya plastiki, ikiguswa na mvuke wa iodini, huanza kupitisha umeme. Mwaka 2000 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Tulitazame benchi la zahanati lililojaa: hakuna awezaye kusogea. Mmoja akiinuka, jirani yake husogea, na nafasi tupu husafiri hadi mwisho wa benchi. Iodini huziondoa baadhi ya elektroni. Nafasi zinazobaki ndizo zibebazo chaji, zikiruka hata kutoka mnyororo mmoja wa polima hadi mwingine. Elektroni zikirudishwa, njia hufungwa. Ioni za damu nazo zaweza kuifungua au kuifunga njia hiyo. Kwa hiyo utando wa polima, ukifunikwa kwa ngozi inayoichagua potasiamu, waweza kuipima.

Hata hivyo, polima hizi hunyonya unyevu, na joto huyumbisha vipimo vyake. Kifaa kilichothibitishwa katika chumba chenye kiyoyozi hakijathibitishwa kwa muuguzi wa Kagunga. Vyuo vyetu vya tiba na wanakemia wetu wavijaribu vifaa hivi ufukweni, pamoja na wahudumu wa zahanati, kabla mlipuko mwingine haujabisha hodi. Wala kipimo kisitusahaulishe maji safi na vyoo: hivyo ndivyo vizuiavyo benchi kujaa.