Mfereji Unaotekenya

Baridi inapoingia Ibra na Nizwa, ndugu zetu huzikumbuka hita za bafuni zilizolala tangu mwezi wa Machi. Huwashwa jioni moja, maji yakapata moto, na nyumba nzima ikashukuru. Mwaka mmoja, katika nyumba tuliyokuwa tumepanga Ibra, wajukuu zetu waligundua mchezo mpya: ukisimama miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji na kuugusa mfereji, vidole vinatekenywa. Walikuwa wakipokezana zamu huku wakicheka. Nasi, tuliosomesha sayansi kwa zaidi ya miaka 30, tulivisikia vicheko hivyo siku tatu tukidhani watoto wanarushiana maji.

Siku ya nne tukaugusa wenyewe.

Fundi aliyekuja aliifungua hita akatuonesha mambo mawili. Chuma cha ndani kinachochemsha maji kilikuwa kimeliwa na kutu chini ya gamba la chokaa, na umeme ukawa unavuja majini. Hilo si ajabu, kila kifaa huchakaa. La pili ndilo lililotuondoa rangi usoni. Waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, ulikuwa umekatwa na kukunjwa pembeni. Aliyeifunga hita ile kabla yetu aliona nyaya mbili zinatosha kuchemsha maji, na kweli zinatosha. Waya wa tatu hauna kazi yoyote mpaka siku ya balaa; siku hiyo huupa umeme uliovuja njia ya kupitia. Ukikosekana, njia huwa ni mwili wa mtoto aliyesimama kwenye maji.

Msomaji atauliza: je, zile swichi za sandukuni hazikukata? Hapa pana jambo ambalo wengi wetu, wasomi na wasio wasomi, hatulijui. Swichi ndogo ya ampea 20, kama fyuzi ya zamani, kazi yake ni kuulinda waya usiungue. Habari za binadamu haizijui. Umeme wa ampea 20 unaendesha kiyoyozi kikubwa. Wa kumuua mtu ni elfu chache tu za ampea moja, makumi machache, nao unaweza kupita siku nzima bila swichi hiyo kushtuka. Anayemlinda mtu ni swichi nyingine, pana kidogo, yenye kitufe kilichoandikwa T. Hiyo hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na zikipotea njiani elfu 30 za ampea, hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Swichi hiyo ilikuwapo katika nyumba ile. Ila mtu alikuwa ameiruka kwa kipande cha waya, kwa sababu, tuliambiwa, "ilikuwa inakatakata umeme ovyo." Maskini, ilikuwa ikisema kweli kila mara, hata wakaiziba mdomo.

Tumejiuliza kwa nini watu wetu huichukia swichi inayokata, na jawabu tunaliona katika tulikotoka. Umeme si mgeni kwetu. Beit el Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilikuwa na taa za umeme wakati miji mingi ya pwani ikiwasha mafuta. Lakini kwa nyumba nyingi tulizokulia, umeme ulikuwa taa mbili tatu na redio, na ubaya wake ulikuwa kukosekana. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, kisha tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Mtu aliyelelewa hivyo, umeme ukikatika nyumbani kwake Sur au Nizwa, fikra yake ya kwanza ni kuurudisha kwa njia yoyote. Haulizi umekatwa na nini.

Basi swichi ikikata, chomoeni vifaa vyote, iwasheni, kisha rudisheni kimoja kimoja. Kitakachoikatisha ndicho chenye kosa. Ikikata na hakuna kilichochomekwa, kosa limo katika hita, taa au nyaya za ukutani, na hilo ni la fundi. Kijana wa nyumbani asilijaribu, hata awe hodari. Rangi zenyewe zinadanganya: katika waya wa pasi bluu ni ule wa kurudi, lakini katika kuta za nyumba nyingi zilizofungwa kwa mtindo wa zamani wa Kiingereza, bluu ni mmoja wa nyaya zenye moto.

Jikoni dalili ni nyingine: plagi ya moto ukiishika, soketi yenye alama ya kahawia, taa zinazopepesa, na harufu kama ya samaki anayeungua. (Sur harufu hiyo haimshtui mtu, mshtuke ikiwa hakuna samaki jikoni.) Plagi ya pini tatu hubeba wati 3,100 hivi. Birika la umeme peke yake hufika 2,000 au zaidi. Ongezeni kikaangio cha sambusa kwenye ekstensheni hiyohiyo alasiri ya Ramadhani, mtaona plastiki inavyolainika. Na ile tabia ya kuisukuma kalamu katika tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie, iacheni. Tundu hilo ndilo la waya wa ardhi.

Akinaswa mtu, mama asimkimbilie kumvuta mwanawe, ingawa tunajua moyo utamwambia nini; watapatikana majeruhi wawili. Zimeni swichi kuu kwanza. Isipofikika, simameni pakavu na kumsukuma aachane na umeme kwa ufagio wa mti mkavu. Pigeni 9999. Ikiwa hapumui, mkandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka wafike. Akiinuka na kusema hajambo, apelekwe hospitali vilevile, maana moyo unaweza kuchafuka baadaye. Moto wa umeme usimwagiwe maji. Na nyumba ikiingiwa na maji ya wadi, kama ilivyotokea kwa Gonu mwezi Juni 2007, umeme usiwashwe tena kabla fundi hajakagua.

Hita ile tuliitupa, na kile kipande cha waya tukaondoka nacho mfukoni. Kitufe cha T sasa tunakibonyeza kila mwanzo wa mwezi. Nyumba nzima huzimika, saa ya oveni hurudi sifuri, na bi mkubwa wetu hulalamika mpaka adhuhuri.