Ukuta Mmoja, Mafaili Matatu: Nani Anawajibika?

Tumezoeshwa kuamini kwamba siasa ya majengo ya umma huanzia kwenye zabuni na kuishia kwenye utepe wa uzinduzi. Katikati hapo, tunaambiwa, kuna utaalamu mtupu: michoro, vipimo na mafaili ya kompyuta, ambavyo raia hana la kuuliza juu yake. Nalikataa dai hilo. Katikati hapo ndipo panapoamuliwa nani atajua jengo limejengwa kwa kitu gani, na nani ataulizwa iwapo kilichojengwa sicho kilichoandikwa.

Jengo kubwa la leo halichorwi katika faili moja. Mbunifu majengo ana lake, mhandisi wa miundo ana lake, wahandisi wa umeme na maji wana yao. Mafaili hayo huunganishwa ili kila mmoja aione kazi ya mwenzake. Lakini neno hilo “kuunganishwa” linahadaa. Katika programu kama Revit, iliyoenea katika ofisi za wabunifu na katika vyuo, kila faili hubeba ghala lake la vifaa. Faili la mbunifu linaweza kukiita kifaa “zege la ukuta wa nje” na kukipa nguvu fulani. Faili la mhandisi likawa na kifaa chenye jina hilohilo, herufi kwa herufi, lakini chenye nguvu nyingine. Ukirekebisha huku, kule hakibadiliki kitu. Hata sifa za ziada ambazo wabunifu huzibuni wenyewe, kama daraja la kustahimili moto, zikipewa jina moja katika mafaili mawili huhesabiwa kuwa sifa mbili, isipokuwa zimechukuliwa kutoka orodha ya pamoja ambamo kila sifa ina namba yake ya utambulisho. Mtaani mna akina Juma wengi. Benki huwatofautisha kwa namba. Kompyuta nayo hufanya hivyo, nasi tunaendelea kuiamini kwa majina.

Anayeona haya ni mambo ya mafundi na asome kilichotokea London. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017 liliungua jengo la Grenfell, lenye ghorofa 24, makazi ya umma ambamo wengi wa wapangaji walitoka katika jamii za wahamiaji. Walikufa watu 72. Ukarabati wake ulikuwa umekamilika mwaka mmoja tu kabla. Kuta za nje zilikusudiwa kufunikwa kwa vibao vya zinki. Ili kupunguza gharama, vikawekwa vya alumini vyenye kiini cha poliethilini, yaani plastiki inayowaka.

Sidai kwamba moto ule uliletwa na mafaili. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi, iliyotolewa Septemba 2024, ilieleza udanganyifu wa watengenezaji, uzembe wa wataalamu na miaka mingi ya serikali kufumba macho. Lakini tazama jinsi sifa ilivyosafiri bila kifaa chake. Vibao vile viliweza kufungwa kwa namna mbili: vikiwa bapa na kupigwa ribiti, au vikiwa vimekunjwa kama masanduku na kutundikwa. Vipimo vya mtengenezaji mwenyewe, tangu 2005, vilikuwa vimeonyesha kuwa vya kukunjwa vilifanya vibaya mno motoni. Cheti kilichotembezwa sokoni hakikuifichua tofauti hiyo, na vya kukunjwa ndivyo vilivyopanda Grenfell. Kihami joto nacho kiliuzwa kwa jina jipya, mahsusi kwa majengo marefu, ilhali kilikuwa bidhaa ileile ya zamani. Na sehemu ndogo ya kihami joto ukutani ilitoka kwa mtengenezaji mwingine kabisa, asiyetajwa katika maelezo ya ujenzi.

Waingereza walijifunza baada ya kuzika. Mwaka 2018 Judith Hackitt alipendekeza kile alichokiita uzi wa dhahabu: taarifa za jengo zitunzwe kidijitali tangu usanifu hadi matumizi, na awepo mtu wa kuwajibika kwazo. Sheria ya 2022 ikaufanya uzi huo kuwa wajibu kwa majengo ya makazi yenye urefu wa mita 18 au ghorofa 7 na kuendelea.

Mwenzangu mmoja hunicheka: majengo yetu, asema, huanguka kwa nondo chache na saruji iliyoibwa, hayaanguki kwa faili. Sawa. Lakini nondo ni chache kuliko zipi? Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024, kamati iliundwa kuchunguza. Sisemi mafaili yalihusika pale. Nasema kamati ya namna hiyo, popote pale, haina budi kuuliza kilichoidhinishwa kilikuwa kipi. Faili la mbunifu likisema hivi, la mhandisi vile, na mchanganuo wa gharama ukataja kitu cha tatu, mkandarasi mjanja hana haja ya kughushi. Anachagua kilicho rahisi zaidi, na karatasi ya kumtetea anayo mkononi.

Na nani leo hupatanisha mafaili hayo? Mara nyingi ni kijana wa mafunzo kwa vitendo, saa tano za usiku, anayebadilisha majina mojamoja kabla ya siku ya kuwasilisha. Mkataba haumtambui, wala hana mamlaka ya kumwambia mhandisi kwamba namba yake imepitwa na wakati. Tumeiacha kazi ya usalama wa umma mikononi mwa asiyelipwa, halafu tunashangaa.

Mkataba wa usanifu wa jengo la umma utaje, kwa kila sifa, mwenye mamlaka nayo: nguvu ya zege ni ya mhandisi wa miundo, wengine waisome tu wasiiandike upya. Mafaili yakabidhiwe pia katika muundo huria kama IFC, ili wizara isiwe mateka wa muuza programu. Na kabla ya kuidhinisha malipo ya hatua ya usanifu, afisa masuuli adai orodha moja ya vifaa iliyotolewa kutoka mafaili yote, yenye jina la mtu mbele ya kila sifa. Palipo wazi, asisaini.