MTOTO ASIYESEMA HAJIFUNZI

Kila mwezi wa Januari watoto wa wakulima wa Kishapu na wa wachimbaji wa Geita huingia shuleni kwa mara ya kwanza. Wengi hutoka nyumbani wakijua Kisukuma tu. Humkuta mwalimu akifundisha kwa Kiswahili, nao hunyamaza. Kunyamaza huko si ujinga. Mtoto huyo jana aliwahesabu ng'ombe wa baba yake pasipo kukosea. Amekosa lugha, hakukosa akili.

Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa yamejaa. Wapo wasemao kwamba hakuna la kufanya mpaka vitabu vitoshe. Sisi hatukubaliani nao. Kudai vitabu ni haki, lakini kusema hakungoji vitabu.

Njia imekwisha kuonyeshwa. Katika Mpango wa Utayari wa Shule, uliokuwa sehemu ya mradi wa EQUIP-Tanzania wa miaka 2014 hadi 2020, wasaidizi waliotoka katika jamii waliwafundisha watoto wa Shinyanga kwa hadithi.

Basi mzee na asimulie kwa Kisukuma kisa cha Masala Kulangwa, kijana aliyelishinda zimwi Shing'weng'we na kuwaokoa watu waliomezwa. Kisha mwalimu akirudie kwa Kiswahili, polepole, akionyesha kwa mikono, kokoto na vijiti. Halafu kila mtoto amsimulie jirani yake. Katika darasa la watoto 100, wote wakiitikia "ndiyo", hakuna aliyesema neno lake mwenyewe. Wakikaa wawili wawili, vinywa 50 vyasema kwa wakati mmoja. Gharama yake ni kivuli cha mti.

Jambo moja twalikemea: kumchapa au kumcheka mtoto kwa sababu amesema Kisukuma. Kiswahili kilituunganisha tulipodai Uhuru. Hakikuwekwa kiwe fimbo. Mtoto aliyeaibishwa hufunga mdomo, kisha hukimbia shule, na mashimo ya dhahabu yako karibu kumpokea.

Wanachama na wafanyakazi, kazi hii si ya mwalimu peke yake. Kila tawi lina wazee wajuao hadithi. Na limpeleke mmoja wao shuleni kila juma, kwa makubaliano na mwalimu mkuu. Mzee aite "Hadithi!", nao watoto waitikie "Hadithi njoo!" Siku hiyo mtoto aliyekuwa kimya atakuwa amekwisha kusema Kiswahili mbele ya wenzake bila hofu. Hapo ndipo masomo yake huanza.