HASIRA YETU TUIPELEKE MLANGO GANI?



Sisi makapita tuliombwa kuandika juu ya adabu katika internati. Tumeona heri tuandike juu ya mupira, kwa sababu ugomvi mwingi tuliotenganisha mwaka huu katika vyumba vya kulala haukuanzia kwa deni wala kwa sabuni iliyopotea. Ulianzia kwa mupira. Mazembe ikianguka, watu wa Lupopo wanaimba mpaka taa zizimwe. Lupopo ikianguka, watu wa Mazembe wanalipa. Na pande zote mbili zikichoka, zinapatana kwa neno moja: "Ni kocha! Ule kocha njo anatuuzisha!"

Hatusemi watu wasikasirike. Mutu wa Lubumbashi asiyeumia ekipe yake ikianguka, huyo ametoka wapi? Mazembe na Lupopo zote mbili zilianza mwaka 1939. Babu zetu waliumia juu yazo, baba zetu vilevile. Methali inasema asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini kukubali si kunyamaza. Mwenye kupenda ana haki ya kuuliza. Sisi tunauliza jambo moja tu: hasira hii inabisha mlango gani?

Tuanze na kocha, sababu yeye njo anapigwa wa kwanza. Aprili 2024 Mazembe ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Hapa Lubumbashi ilitoka 0-0 na Al Ahly ya Misri, kisha kule Cairo ikafungwa 3-0. Basi maneno yakaanza: juu ya nini hakushambulia hapa kwetu? Juu ya nini alimuweka huyu na kumuacha yule? Kocha alikuwa Lamine N'Diaye wa Senegal. Ndugu zetu, huyu ni yule yule aliyekaa kwenye benchi Desemba 2010 kule Abu Dhabi, wakati Mazembe ilipoishinda Pachuca ya Mexico 1-0 na Internacional ya Brazili 2-0, ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Siku zile mji mzima ulikuwa unaruka kwa matako sawa Kidiaba. Je, akili ya mwaka 2010 ilipotelea njiani?

Tuhesabu kidogo, kama mwalimu wa hesabu anavyotufundisha. Tuchukue mara nne Mazembe ilipotolewa katika robo fainali au nusu fainali ya kombe lile. Mwaka 2018, mbele ya Primeiro de Agosto ya Angola, tulitoka 1-1 nyumbani. Mwaka 2019, mbele ya Espérance ya Tunis, 0-0 nyumbani. Mwaka 2020, mbele ya Raja ya Casablanca, tulishinda 1-0 nyumbani, lakini kule tulikuwa tumefungwa 2-0. Mwaka 2024 tumekwisha sema, 0-0. Mechi nne mbele ya watu wetu, mabao mawili tu! Na makocha walikuwa wawili: N'Diaye mgeni, na mbele yake Pamphile Mihayo, ambaye zamani aliichezea Mazembe yenyewe. Mgeni na mtoto wa nyumbani, njaa ilikuwa paka moja: mabao.

Mwaka 2015 njaa hiyo haikuwepo. Mbwana Samatta wa Tanzania alifunga mabao 7 katika Ligi ya Mabingwa, na katika fainali mbele ya USM Alger alifunga huko na huku. Januari 2016 akaenda Genk, kule Ubelgiji. Basi mwenye kulia juu ya mabao aulize pia: mshambuliaji mkubwa akiondoka, nani ana kazi ya kutafuta mwengine? Nani anatayarisha vijana? Ulizo hilo lina mlango wake, na mlango huo si benchi ya kocha peke yake. Kumfukuza kocha ni rahisi, sababu ni mtu mmoja na kofia yake. Kuuliza ofisi ni kazi ndefu.

Je, kocha hana kosa hata siku moja? Analo. Lakini tumpime kwa yale aliyoyajua mbele ya mechi, tusimpime kwa yale sisi tuliyoyajua kesho yake. Kufunga mlango nyumbani si upumbavu. Mwaka 2009 Mazembe ilifungwa 2-1 na Heartland kule Nigeria, ikashinda 1-0 hapa, na kombe likabaki kwetu kwa sababu ya lile bao moja la ugenini. Sheria hiyo tuliiimbia. Mwaka 2018 sheria ile ile ikatutoa: 0-0 kule Luanda, 1-1 hapa. Basi anayesema "kocha angeshambulia" aseme pia nani angebaki nyuma.

Kuna siku nyingine kosa halikuwa uwanjani kabisa. Mwaka 2011 Mazembe ilikuwa bingwa mara mbili mfululizo. Ikaitoa Simba ya Dar es Salaam kwa mabao, mupira safi. Simba wakapeleka mashitaka kwamba mchezaji mmoja hakuwa na haki ya kucheza, na CAF ikaitoa Mazembe katika kombe. Pale kipa hakulala. Ilikuwa karatasi! Hasira ya mwaka ule mlango wake ulikuwa ofisi.

Sasa tuseme neno gumu. Tarehe 18 Desemba 2010 Inter ya Milan ilitufunga 3-0 katika fainali ile ya Abu Dhabi. Dakika ya 17 mabao mawili yalikuwa yamekwisha ingia. Mwamuzi alikuwa Mjapani, Yuichi Nishimura. Hapa mjini kwetu watu wakaenda kushambulia maduka ya Wachina. Mjapani si Mchina. Lakini hata angekuwa Mchina, muuza duka wa Lubumbashi alipuliza filimbi gani kule Abu Dhabi? Na tarehe 11 Mei 2014, kule Kinshasa, V.Club ilikuwa inafungwa 1-0 na Mazembe katika uwanja wa Tata Raphaël. Fujo ikaanza, gesi ya machozi ikatupwa, watu wakakanyagana, karibu watu 15 wakafa. Walikuja kuangalia mupira. Hasira iliyokosa mlango inavunja ukuta, na ukuta unaangukia asiye na kosa.

Hapa Kasapa hatuna duka la kuvunja, lakini tunayo magodoro. Ekipe yetu ilipotolewa katika nusu fainali ya mchuano wa masomo, kipa wetu aliitwa majina ambayo hatuwezi kuyaandika hapa, na usiku godoro lake likamwagiwa maji. Kipa huyo ana miaka 15. Aliwekwa golini sababu kipa mkubwa alikuwa amelala na malaria. Mwalimu wa michezo alikuwa na nani mwengine? Hakuna aliyeuliza. Asubuhi mtoto akarudisha glavu zake, akasema mupira basi.

Kwa hiyo tunaleta mashauri matatu. La kwanza: anayejiona kocha aandike ekipe yake mbele ya mechi, aweke na jina lake, tuibandike ukutani karibu na refekitware. Mechi ikiisha tutaisoma wote, na tutacheka wote. La pili: kila Jumatatu baada ya mechi, dakika 15 mbele ya etidi ya jioni, mwalimu wa michezo aulizwe kwa heshima juu ya mpango wake, naye ajibu. Tumekwisha kumwomba, amekubali. La tatu: kumtukana mchezaji, au kugusa kitanda chake, si mupira tena. Jina litapelekwa kwa Bwana Prefe siku ile ile, awe wa Mazembe, awe wa Lupopo, awe wa darasa letu la mwisho.

Glavu ziko kwa kapita wa michezo. Tunangoja mwenyewe aje kuzichukua. Na wale waliomwaga maji, wanajijua, tunangoja wamusindikize.

Kwa jina la makapita wote,
Kapita Mkubwa, darasa la mwisho