Gesi Haiishi, Inavuja

Kila Desemba, joto la Dar es Salaam likipamba moto, mafundi wa viyoyozi wana jibu moja: "Gesi imeisha, tuongeze." Imeisha kwenda wapi? Kiyoyozi si jiko. Gesi yake huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kutoka chumbani hadi kwenye mashine ya nje na kurudi, haiungui, hailiwi. Ikipungua, pana tundu. Fundi anayejaza bila kulitafuta anakuuzia ubaridi wa miezi michache, na mwakani atarudi na mtungi wake. Mwambie kwanza apake povu la sabuni kwenye maungio, akuonyeshe panapotoa mapovu. Akinuna, mpe nauli aende.

Tena mara nyingi gesi haina kosa lolote: chujio limeziba vumbi tu, nalo huoshwa kwa maji ya bomba.

Na kinachovuja hakipotei. Kilo moja ya R-410A hupasha dunia joto takriban mara 2,000 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapa kwa jirani, yakakubaliana kupunguza gesi za aina hiyo. Sisi tunaziachia dirishani, kisha tunailipia risiti.