Kennedy: Jina Lililotunzwa na Mjane



Tunapokwenda mazishini huwa tunasikia wazee wakihesabu ukoo: fulani mwana wa fulani, mwana wa fulani. Mama hatajwi. Yeye alikuja na jina la baba yake, akaliweka pembeni, akapewa la mumewe, na watoto aliowazaa kwa uchungu wakaandikwa kwa jina hilo. Mwezi huu nataka tuutazame ukoo mmoja ambao jina lake mnalifahamu nyote, maana wapo watoto wengi wa Afrika Mashariki walioitwa hivyo. Ni jina la Kennedy. Wengi hudhani ni jina la Kimarekani. La hasha! Ni jina la Ayalandi, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza, na limesafiri sana kabla ya kufika kwetu.

Kwa lugha yao ya asili huandikwa Ó Cinnéide. Hiyo Ó maana yake ni mjukuu au uzao, kama vile Mac ilivyo mwana. (Haina undugu na O ya Otieno na Ochieng', ingawa anayependa utani nafasi anayo.) Cinnéide alikuwa mpwa wa mfalme Brian Boru, yule aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014. Wataalamu wa majina wanasema sehemu ya kwanza ni kichwa. Ya pili wengine husema ni kibaya, wengine husema ni kofia ya chuma ya vitani. Kwa hiyo mama uliyemwita mwanao Kennedy, umemwita ama Kichwa-kibaya ama Kichwa-cha-chuma. Chagua mwenyewe!

Jambo lililonifurahisha zaidi ni namna Waayalandi wanavyowaandika wanawake katika lugha yao. Binti wa ukoo huu haitwi Ó Cinnéide. Huitwa Ní Chinnéide, yaani binti wa uzao wa Cinnéide, sawasawa na sisi tunavyosema Asha binti Juma. Yule aliyeolewa humo huitwa Uí Chinnéide. Hivyo ukilisoma jina tu unajua kama mama huyu amezaliwa katika ukoo au ameletwa na ndoa. Mimi naona ni utaratibu wa heshima. Lakini Waingereza walipotawala, makarani waliandika majina kama masikio yao yalivyosikia. Tena mwaka 1465 ilitungwa sheria kwamba Waayalandi wanaokaa karibu na Dublin wachukue majina ya Kiingereza, ya mji au ya rangi au ya kazi. Baada ya karne kadhaa Ó nyingi zilikuwa zimedondoka, na tofauti ya binti na mke ikapotea katika vitabu vya serikali. Mwishoni mwa karne ya 19, watu walipoanza kuifufua lugha yao, wengi walizirudisha, kina O'Connor na O'Sullivan. Kina Kennedy wengi hawakurudisha.

Makao yao ya kwanza yalikuwa karibu na Killaloe, kando ya mto Shannon, katika kaunti ya Clare. Koo zenye nguvu zaidi ziliwasukuma, wakavuka mto, wakawa mabwana wa nchi ya Ormond, kaskazini mwa Tipperary, kwa karne nyingi. Baadaye tawi moja lilishuka hadi Wexford, kusini-mashariki. Wapo pia kina Kennedy wa Skotilandi, ila hao wana historia yao.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe. Katika kijiji cha Dunganstown, karibu na mji wa bandari wa New Ross, aliishi kijana Patrick Kennedy. Shamba la familia lilikuwa la kukodi, na lilikuwa la kurithiwa na kaka yake. Mwaka 1845 ukaja ugonjwa wa ukungu wa viazi. Ninyi mnaolima viazi Njombe na Mbeya mnaujua: leo majani ni ya kijani, baada ya siku chache shamba zima ni jeusi na linanuka. Tofauti ni kwamba mkulima wa Ayalandi hakuwa na kitu kingine cha kula. Nafaka na mifugo ilikuwepo nchini, lakini ilikwenda kulipa kodi ya ardhi na kupakiwa melini kwenda Uingereza. Hadi mwaka 1852 watu kama milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni moja wameondoka. Hesabu ya mwaka 1841 ilionyesha watu zaidi ya milioni 8. Ya mwaka 1851 ilionyesha milioni 6 na nusu.

Wengi hawakuuawa na njaa yenyewe bali na homa ya chawa, iliyopata jina la homa ya meli. Sisi wauguzi tunajua kwamba ugonjwa huu hufuata msongamano na nguo zisizofuliwa, na ndani ya meli zile vyote viwili vilikuwepo. Mwaka 1847, katika kisiwa cha Grosse Île huko Kanada, ambapo abiria walizuiwa kwa ajili ya karantini, walizikwa zaidi ya watu 5,000. Madaktari, wauguzi na mapadri waliowahudumia walikufa pamoja nao. Watoto walibaki bila baba wala mama. Familia za Wakanada wanaosema Kifaransa ziliwachukua wengi wao, na wengi waliachwa waendelee na majina yao ya Kiayalandi, ndiyo maana hadi leo Quebec utakuta mtu hajui neno la Kiingereza lakini anaitwa Ryan. Mimi nawavulia kofia akina mama wale waliokubali kumlea mtoto bila kumfuta jina. Lilikuwa ndilo urithi wake wote.

Patrick aliondoka mwishoni mwa miaka hiyo ya 1840, akaenda Boston, Marekani. Huko alifanya kazi ya kutengeneza mapipa. Mwezi Septemba 1849 alimwoa kanisani msichana wa kwao Wexford aitwaye Bridget Murphy, ambaye naye alikuwa amevuka bahari. Mwaka huohuo kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 mjini humo, na wengi wao walikuwa Waayalandi, kwa kuwa ndio waliokaa kwenye vyumba vya chini vyenye maji machafu. Ndoa yao ilianza hapo. Bridget alizaa watoto watano. Mtoto wake wa kwanza wa kiume, John, alifariki kabla hajatimiza miaka miwili. Mwezi Januari 1858 akajifungua mwingine wa kiume, Patrick Joseph. Mwezi Novemba mwaka huohuo mume akafariki.

Mama msomaji, hebu piga hesabu. Miaka tisa ya ndoa, watoto wanne hai, wa mwisho ana miezi kumi, nchi ya ugeni. Hakuna mfuko wa wajane. Hakuna shemeji wa kumwita. Jina Kennedy lenyewe hakuzaliwa nalo. Laiti angekata tamaa, watoto wangetawanywa kwenye nyumba za yatima, na tawi hilo la ukoo lingeishia hapo.

Bridget alifanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Alifanya kazi ya nywele katika duka kubwa mjini. Alipopata akiba akanunua kiduka karibu na bandari ya East Boston, akauza mahitaji madogomadogo ya nyumbani, kama wengi wenu mnavyouza chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Mabinti walimsaidia. Patrick Joseph aliacha shule akiwa kijana mdogo akawa mpakua mizigo bandarini, kisha kwa akiba yake na msaada wa mama akanunua baa. (Najua hapo baadhi yenu mmekunja uso. Nasimulia yaliyotokea.) Katikati ya miaka ya 1880 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Massachusetts. Mama yake alikuwa bado hai. Alifariki mwezi Desemba 1888, wakati mjukuu wake Joseph ana miezi mitatu.

Joseph huyo ndiye baba wa John Fitzgerald Kennedy, aliyekuwa rais wa Marekani mwaka 1961. Mwezi Juni 1963 rais alikwenda Dunganstown, akanywa chai uani kwa ndugu yake Mary Ryan, kwenye shamba lile ambalo babu mzaa babu yake aliliacha. Shamba hilo bado lipo mikononi mwa familia. Miezi mitano baadaye aliuawa huko Dallas.

Magazeti humtaja Patrick kuwa ndiye aliyelileta jina Marekani. Ni kweli, alilileta. Aliishi nalo huko miaka kama kumi. Bridget alilibeba miaka thelathini baada ya kifo chake.

Na kwetu lilifikaje? Mwaka 1959 Tom Mboya alianza kuwapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani kwa ndege, na ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Mwaka 1960 fedha za safari zilipungua, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa walioondoka mwaka huo. Baada ya hapo wazazi wengi wa Kenya walianza kuwabatiza wana wao Kennedy, likawa jina la kwanza la mtu badala ya jina la ukoo. Watoto hao wamekua na kuoa, na siku hizi watoto wao shuleni huandika Kennedy mwisho wa majina yao, mahali pa jina la baba.